Barua ya wazi kwa kaka yangu anayekwamwa na chakula

Kaka,

Nakuandikia hadharani kwa sababu najua si wewe peke yako hapa Mwanza usiyeweza kula bila chupa ya maji pembeni. Msibani Kirumba nilikuangalia. Tonge unalifinyanga dogo kama la mtoto, nyama unaitafuna mpaka wenzio wananawa, halafu unanyamaza, unajipiga kifua, unasukumia maji. Ukiulizwa, unasema vidonda vya tumbo.

Mimi sidhani ni vidonda. Kuna ugonjwa unaitwa esofajaitisi ya eosinofili. Eosinofili ni chembe nyeupe za damu zinazohusika na aleji na minyoo, na kwa kawaida hazikai kwenye umio, ile njia ya kupitisha chakula. Kwa mwenye ugonjwa huu zinajazana humo, umio unavimba, na miaka ikipita unakakamaa na kuwa mwembamba. Madaktari walianza kuutambua kama ugonjwa unaojitegemea miaka ya mwanzo ya 1990. Unawapata zaidi wanaume, hasa wenye pumu, ukurutu au mafua ya aleji. Wewe umekua na dawa ya pumu mfukoni, kaka.

Usiridhike na kipimo cha damu. Sisi watu wa ziwani tuna kichocho na minyoo, na hivyo navyo hupandisha eosinofili kwenye damu. Zinaweza pia kuwa za kawaida kwenye damu huku umio umejaa. Kinachohitajika ni endoskopi, kuchungulia umio kwa mpira wenye kamera, ile watu wanayoita kumeza mpira. Hospitali ya Bugando wanafanya. Najua unaiogopa, lakini dawa ya ganzi ya kooni ipo.

Ninaloomba ulishike ni hili: mwambie daktari akate vipande vidogo vya nyama ya umio, vinyama vya kupimwa maabara, hata kama umio unaonekana mzima. Visipungue sita, vya juu na vya chini, maana eosinofili hukaa kwa mabaka na kinyama kimoja kinaweza kuzikosa. Maabara wakihesabu 15 au zaidi kwenye eneo moja la darubini, na sababu nyingine zikaondolewa, jibu limepatikana. Mtu akichunguliwa kwa macho tu, anarudishwa nyumbani na karatasi ya "hakuna tatizo" huku nyama bado inamkwama. Hilo linaniuma sana.

Tiba ipo. Omeprazoli, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa dozi ya kutosha huwasaidia baadhi. Wengine hupewa steroidi ya kumeza, dawa ya kutuliza uvimbe, kama flutikasoni ile ya pumu: unapulizia mdomoni bila kuvuta pumzi, unameza, unasukutua na kutema ili usipate fangasi, kisha nusu saa huli wala hunywi. Usijianzishie mwenyewe. Umio uliobana sana hupanuliwa hospitali. Ipo na sindano ya dupilumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa ugonjwa huu, ila bei yake ni kubwa mno.

Halafu maziwa. Samahani, najua Msukuma na maziwa ya mgando. Lakini maziwa ya ng'ombe ni kati ya vyakula vinavyochochea sana ugonjwa huu, pamoja na ngano na mayai. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba kuacha maziwa ya wanyama peke yake kwa wiki sita kuliwatuliza takriban theluthi ya watu wazima, karibu sawa na kuacha makundi sita ya vyakula. Daktari akithibitisha, tutaanzia hapo, kisha utarudia endoskopi, kwa sababu nafuu ya kumeza haithibitishi kwamba uvimbe umeisha.

Nyama ikikwama tena, usimeze donge la ugali kuisukuma kama tunavyofanya kwa mwiba wa sato. Ukiona hata mate hayapiti, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo. Wifi nimeshamwambia, na namba ya bodaboda wa jirani anayo.