Wanafunzi wa kompyuta warithishwe miradi, wasianze sifuri kila mwaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme jambo kuhusu miradi wanayofanya wanafunzi wa uhandisi wa programu katika vyuo vikuu vyetu. Nalisema nikiwa mkosaji kabla ya kuwa mlalamikaji.

Mwaka 2017 mimi na wenzangu wanne tulitakiwa kutengeneza mfumo kwa ajili ya mteja halisi. Mteja tulimpata bila kutoka jasho: shangazi yangu, mwenye duka la dawa muhimu huku Mbagala. Tulimwendea mara mbili tu. Mara ya kwanza tulikwenda na dodoso la maswali kumi na mawili, mara ya pili tulikwenda kupiga picha za kuweka kwenye ripoti na kuomba mhuri. Katikati ya safari hizo mbili tulijifungia hosteli, tukala bumu (mkopo wa wanafunzi), tukaandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, usiku kucha.

Mfumo wetu ulihesabu dawa kwa maboksi. Shangazi anauza boksi, anauza stripu, na mtu akija na shilingi mia mbili anamkatia vidonge vyake viwili vya maumivu akaondoka. Dawa mseto ya malaria ndiyo kabisa: huja katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kufuatana na uzito wa mgonjwa, na sisi zote tuliziandika ni dawa moja. Anayejua duka la dawa angeliona kosa hilo kabla hajakaa kwenye kiti. Jopo la chuo lililopima mradi halikuuliza, kwa kuwa hakuna muuza dawa aliyealikwa. Tulipata A. Mfumo ulikuwa kwenye laptopu ya mwenzetu mmoja, naye alipomaliza chuo akarudi nayo kwao Bukoba. Mimi nilibaki na nakala kwenye flashi. Shangazi alibaki na kaunta buku lake, ambalo kusema haki lilifanya kazi vizuri kuliko mfumo wetu.

Tangu hapo duka lile limepokea vikundi vingine viwili kutoka chuo kilekile, na vyote vimetengeneza mfumo wa kusimamia duka la dawa. Kikundi cha mwaka juzi nilikikuta dukani kwa bahati tu. Nikawaambia ninao msimbo wa mfumo kama huo, una makosa ninayoyajua, wauchukue waanzie pale. Walitazamana. Mmoja akanijibu kwa adabu: "Kaka, tukitumia kazi ya mtu tunapewa sifuri."

Hapo ndipo ninapogombana na utaratibu wetu. Huu ni mwaka wa saba naandika programu kwa mshahara, na sijawahi kuambiwa nianze na ukurasa mtupu. Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa mfumo ulioandikwa na watu watatu waliokwisha kuacha kazi, maelezo hakuna, majina ndani ya msimbo nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na wateja wanapiga simu kuuliza kwa nini risiti inatoka na tarehe ya jana. Wiki mbili nilikuwa nasoma tu. Kusoma kazi ya mtu usiyeweza kumpigia simu sikufundishwa hata kipindi kimoja. Nilifundishwa kuchora michoro ya mfumo usiokuwapo na kuifungia kwenye jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu. (Steshenari za jirani na vyuo zinaishi kwa majalada hayo, na tusidanganyane, zipo zinazouza na mradi wenyewe ndani yake.)

Mifumo iliyodumu duniani ilidumu kwa sababu ilirithiwa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Ungebaki chumbani kwake ungekufa kama wetu. Watu ambao hajawahi kuonana nao waliuchukua, wakaukosoa, wakaurekebisha, na leo simu ya Android ya muuza chipsi wa mtaani kwetu inaendeshwa na kiini cha mfumo huo, uitwao Linux.

Mfano wa karibu zaidi uko kwenye zahanati zetu. Takwimu ambazo muuguzi anazijaza katika vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, huishia kwenye mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya uitwao DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, nchi ilipohitaji kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimegawanywa vipande vipande. Baadaye Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kikaubeba, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshirika wake wa siku nyingi. Kinachonivutia ni kwamba kule Oslo wapo wanafunzi ambao kazi yao ya darasani ni kutengeneza programu ndogo juu ya mfumo huohuo. Wanaanza na kitu kinachotumika kweli, chenye kanuni zake na makosa yake, na lazima wakielewe kwanza. Kwa hiyo jambo hili linawezekana, na watu wa kutuonyesha njia tunao hapahapa Dar.

Najua jibu la wahadhiri: kurithi msimbo ni hatari. Ni kweli. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, ilipotea njia na kulipuka sekunde kama 40 baada ya kuruka, kwa sababu sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4 bila kupimwa kwa mwendo wa roketi mpya. Namba ikawa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Ila waliokosea pale walikuwa wahandisi wazoefu. Kijana wetu kosa la namna hiyo akutane nalo wapi kwa mara ya kwanza, darasani au benki?

Jibu la pili ni wizi wa kazi: tutajuaje nani kafanya nini? Programu ya Git, ambayo Torvalds huyohuyo aliianzisha mwaka 2005, huandika kila mstari uliobadilishwa, na nani, na lini. Mwanafunzi aliyepokea mfumo wa wenzake apewe alama kwa alichobadilisha. Na kikundi kinachoondoka kisimalizane na chuo mpaka kikundi kinachokuja kimeweza kuwasha mfumo ule kwa kufuata maelezo yaliyoachwa, bila kuwauliza wenyewe. Hilo peke yake lingetupa sapu (mtihani wa marudio) sisi wote watano.

Liko na jingine, nalo linaniudhi zaidi. Kikundi cha mwaka jana kilipiga picha daftari la madeni la shangazi, kikaingiza majina na namba za simu kwenye mfumo ili uonekane halisi. Siku ya kutetea mradi, wadaiwa wa Mbagala wakaonyeshwa ukutani mbele ya jopo na darasa zima, pamoja na dawa walizokopa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilikuwa imekwisha kuanza kutumika tangu Mei 2023, na hakuna mle ndani aliyesema neno. Vijana wamehitimu. Orodha ile iko kwenye laptopu ya nani leo? Mradi ungekuwa na mrithi, ungekuwa pia na mtu wa kuulizwa.

Siwalaumu wahadhiri peke yao. Mhadhiri mwenye vikundi arobaini vya kusimamia hawezi kufika kwenye maduka arobaini. Lakini vikundi vinane vikiendeleza mfumo mmoja, kila kimoja na sehemu yake, atakuwa na maduka matano tu ya kuyajua, na anaweza kumwalika mwenye duka akae na jopo.

Wiki iliyopita shangazi amepokea barua nyingine yenye nembo ya chuo, ikiomba wanafunzi wapokelewe. Ameniita, tukaitafuta ile flashi, tumeikuta. Amekubali kuwapokea. Ila mhuri ameuweka kwenye droo ya fedha, na amesema hautoki mpaka aone mfumo unauza stripu moja na kubakiza tisa kwenye boksi.

Mwandika programu,
Mbagala, Dar es Salaam