Ndugu nao waelezwe mgonjwa anangoja nini

Mhariri,

Juzi kibandani kwangu, Barabara ya 9 hapa Ngamiani, mteja mmoja alidai hospitali kubwa siku hizi zinamlaza mtu kwenye mashine ili bili ipande. Nikaweka spana chini. Kaka yangu, mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, alilazwa hivyo siku nane, na mimi mwenyewe nilimfokea daktari.

Kifua kilimbana alfajiri, akatokwa na jasho la baridi. Zahanati moja ikampa dawa ya gesi, akarudi nyumbani kunywa tangawizi. Siku ya nne pumzi zikamkatika, kulala chali hawezi. Tukampeleka Dar, kilomita takriban 350. Vipimo vikaonyesha sehemu ya moyo iliyokosa damu imekufa, na ukuta unaotenga vyumba viwili vya chini umetoboka.

"Si mumshone basi!" Daktari, kijana mpole, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. "Sasa fundi, kiraka unakibandika kwenye mpira uliolowa?" Nikanyamaza. Nyama ile bado ilikuwa teketeke, uzi ungeichana. Walitaka kingo za tundu zikaze kwanza, figo nazo zipate nafuu. Ila hali ikiporomoka, alisema, watapasua usiku huohuo.

Ili afike siku ya kushonwa, walimpitishia kinenani mrija wenye puto refu, likakaa ndani ya mshipa mkuu utokao moyoni. Moyo ukilegea, puto linajaa gesi ya heliamu na kusukuma damu irudi kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Moyo ukitaka kupiga, linanywea ghafla, damu ikapata njia nyepesi ya kwenda mwilini badala ya kupenya tunduni. Mlio wake kama pampu yangu ya baiskeli. Shemeji alikuwa akiufuatisha kwa tasbihi.

Siku ya tisa wakampasua. Sasa huja kibandani kwa miguu, polepole, anakaa kwenye benchi na kunikosoa ninavyonyoosha rimu.

Ombi langu kwa hospitali zetu: mkimlaza mtu kwenye mashine, mwiteni ndugu aliyeko nje mumweleze kinachongojewa. Mimi nilielezwa siku ya tatu, tena kwa sababu nilipiga kelele. Siku mbili za kwanza nilikuwa nahangaika kutafuta gari la kumrudisha Tanga.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga