Salamu za Mtakatifu Daudi, na za Ramadhani

Ndugu zangu Waswahili wa Wales, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Katibu huandika salamu kila 1 Machi, atake asitake. Basi heri ya sikukuu ya Mtakatifu Daudi, mlezi wa Wales. Mwaka huu wa 2025 imekutana na mwandamo, kwa hiyo waliokula daku: Ramadhani karimu, Mungu azitakabali saumu zenu. Na wenye ua la manjano kifuani na supu ya liki jikoni, kwa desturi ya Wales: Dydd Gŵyl Dewi Hapus, yaani heri ya sikukuu ya Daudi.

Mwaka umetubana. Tanuri la mwisho la kuyeyushia chuma Port Talbot lilizimwa 30 Septemba 2024, na kuna waliokuwa wakituchangia ambao sasa tunawachangia sisi. Bili ya gesi ikifika, watu wazima wanaifungulia chumbani, watoto wasione nyuso zao. Mchele na mafuta ya kupikia msiniulize.

Na tumefiwa. Mjomba wangu alizikwa Tanga, nami sikwenda kwa ajili ya nauli. Harusi za mtaani kwetu zilikuwa hazinogi mpaka aghani yeye, na hakuna aliyemwita kwa jina la baba yake. Wote walimwita kwa lakabu. Siku ya maziko lilisomwa jina la kwenye kitambulisho. Niliposikiliza kwa simu nilidhani wanamzika mtu mwingine.

Wenyeji wetu hapa wana adabu tofauti na malenga wao. Kina Jones, Evans na Williams wamejaa kila kijiji, hivyo mtunzi hupewa jina lake la ushairi akajulikana kwalo. Maneno ya wimbo wa taifa wa Wales, mwaka 1856, yalitungwa na mfuma sufu wa Pontypridd, Evan James, na sauti akaitia mwanawe James. Baba alijiita Ieuan ap Iago, mwana Iago ap Ieuan. Sarah Jane Rees wa Llangrannog, aliyefundisha mabaharia elimu ya uongozaji vyombo, aliwashinda wanaume mashuhuri katika mashindano ya ushairi mwaka 1865 kwa jina la Cranogwen. Na yule mwashi Iolo Morganwg aliwakusanya washairi kilimani Primrose Hill, London, mwaka 1792, akawaambia ibada ile ya malenga waliyoifanya ni ya kale, kumbe sehemu yake kubwa ameitunga mwenyewe. Mwongo, lakini mpaka leo watu wanaifuata ibada aliyowazulia.

Ninayemkumbuka zaidi ni Ellis Humphrey Evans, mchunga kondoo wa Trawsfynydd, aliyejulikana kwa jina la Hedd Wyn. Alikwenda vitani ili mdogo wake asichukuliwe. Akauawa Ubelgiji 31 Julai 1917. Septemba, kwenye mashindano makuu ya ushairi Birkenhead, mshindi wa kiti, ndicho tuzo, aliitwa kwa jina la kujificha aliloandika kwenye shairi, Fleur-de-lis. Kimya. Wakakitandika kiti kitambaa cheusi, kikapelekwa kwa wazazi wake. Kaburi lake ni la kijeshi kama mengine yote pale, ila chini wamechonga: mshairi mkuu Hedd Wyn.

Wazazi wenzangu, tusidanganyane. Watoto wetu wanafundishwa Hedd Wyn shuleni, na ni vyema. Lakini babu yao aliyetunga tenzi nzima usiku wa mvua wanamjua kwa jina gani? Nani ameandika? Tunalia kwamba Kiswahili kinawatoka, nasi tumewazika malenga wetu na majina yao humo humo! Chukueni daftari mwezi huu mtukufu. Pigeni simu nyumbani, muulize shangazi nani alighani, alijiitaje, nani alimpa lakabu hiyo. Shangazi naye hatakuwapo siku zote.

Futari ya pamoja ni Jumamosi ijayo, waliofunga na wasiofunga, kila nyumba na sahani yake. Mwenye shairi la mzee wake aje nalo, na ataje lakabu ya mtunzi kabla ya kughani. Mimi nitaanza na la mjomba.

Mungu awarehemu waliotangulia, awape shifaa wagonjwa, awafungulie riziki waliopoteza kazi, atufikishe Idi na Pasaka salama.

Wenu,
Katibu