Fuvu juu ya tumbo la mjamzito sio uchawi

Mhariri, naomba nafasi niitetee picha ya Gustav Klimt, yule mchoraji wa Austria. Inaitwa Tumaini II, aliichora 1907 hadi 1908 na sasa ipo jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York. Kuna saluni moja huku Majengo, Dodoma, wamebandika nakala yake ukutani na wateja wanasema ya kichawi hiyo, itolewe. Jamani hapana!

Iangalieni vizuri. Mama mjamzito kainamisha kichwa, kafumba macho, kifua wazi, gauni limejaa maduara ya rangi na dhahabu yenyewe, na tumboni kwake fuvu linachungulia. Chini wanawake watatu nao wameinama, mikono wameinua, sijui wanaomba ama wanaomboleza. Watu wanaishia kwenye fuvu na ziwa, ila mi nawaona hao watatu, maana ndo mama, dada na shangazi wanaokesha nje ya wodi ya wazazi na beseni na kanga, hawajui watatoka na mtoto au na msiba. Klimt hakuificha hofu hiyo, na huyo mama wala hatuangalii sisi, yuko na wa tumboni kwake tu.

Mbona michoro ya kale ya miambani ya Kolo kule Kondoa, ambayo UNESCO waliiorodhesha kuwa urithi wa dunia 2006, hatuifuti eti kwa sababu hatuielewi yote? Mwenye saluni asiibandue.

Msomaji wenu, Dodoma