Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: nyasi za katikati ya nchi zipimwe kila mwaka

Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: OMBI LA VIWANJA VYA KUDUMU VYA UTAFITI KATIKA MAPORI YA AKIBA YA KANDA YA KATI

Mbukwa, Mheshimiwa, kama tunavyosalimiana huku Ugogoni.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Nasoma ikolojia ya malisho na idadi ya wanyamapori wanaoyategemea. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliwahusu wanafunzi peke yao. Linamgusa mkulima wa Manyoni ambaye mtama wake unaliwa na tembo, linamgusa mfugaji wa Chemba, na linamgusa askari wa wanyamapori anayeulizwa kila mwaka wanyama wameongezeka au wamepungua.

Naomba wizara yako itenge viwanja vya kudumu vya kupimia nyasi na kuhesabia wanyama katika mapori ya akiba ya Swagaswaga, Mkungunero, Muhesi na Kizigo. Viwanja hivyo wapewe wanafunzi wa uzamili na uzamivu, kundi moja likipokea kazi kutoka kwa jingine, mwaka hadi mwaka.

Hivi sasa mwanafunzi wa uzamili anakuwa na msimu mmoja tu wa kwenda porini, akibahatika miwili. Anachagua maeneo yake, anapima, anaandika tasnifu, anahitimu. Anayekuja nyuma yake anachagua maeneo mengine na kuanza upya. Kazi zote mbili zinaweza kuwa nzuri na bado zisilinganishike. Na sisi huku hatuna mvua ya kuaminika. Dodoma hupata chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na miaka isiyo ya kawaida ni mingi. Aliyepima mwaka wa mvua nzuri na aliyepima mwaka wa ukame watakupa picha mbili za pori moja, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Serengeti wana bahati ambayo sisi hatuna: watu hawakuacha kuhesabu. Mwaka 1958 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Bernhard Grzimek, na mwanawe Michael walihesabu wanyama kutoka kwenye ndege ndogo. Januari 1959 Michael akafa kwa ajali ya ndege hukohuko, lakini kazi iliendelezwa na wengine. Mwaka 1961 nyumbu walikadiriwa kuwa robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Sababu haikuwa doria peke yake. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walichanjwa sotoka, ugonjwa ukaacha kuvuka kwenda kwa nyumbu, na ndama wakaanza kupona. Nyumbu walipokuwa wengi wakala nyasi ambazo zamani zilibaki na kukauka, moto ukapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Fikiria, Mheshimiwa: chanjo ya ng'ombe ikaishia kurudisha miti. Hakuna tasnifu ya msimu mmoja ambayo ingeweza kuuona mnyororo huo.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, kwa sababu nahisi wengi wanaopanga bajeti hawajawahi kuiona. Unalaza chini fremu ya chuma ya mraba, nusu mita kila upande. Unakata kwa mkasi kila jani lililo ndani yake mpaka karibu na udongo. Unatenganisha mabichi na makavu, unatia kwenye bahasha ya kaki, unaandika namba ya kiwanja kwa penseli, maana wino hausalimiki na jasho na umande. Askari anasimama pembeni na bunduki, macho kwenye kichaka, kwa ajili ya nyati dume waliojitenga na kundi. Ukifika maabara, bahasha zinaingia kwenye oveni ya nyuzi 60 mpaka uzito usibadilike tena. Uzito huo mkavu ndio unaoandikwa. Halafu unafanya vilevile kwenye kiwanja cha jirani kilichozungushiwa uzio ili mnyama asile. Tofauti ya uzito kati ya viwanja hivyo viwili inakuambia ni kiasi gani kimeliwa.

Inakuambia pia kitu ambacho macho hayawezi kukiona. Nyasi ndefu za rangi ya dhahabu, zile ambazo mgeni akizitazama anasema pori hili limeshiba, mara nyingi ni mashina magumu yenye protini kidogo. Chipukizi fupi baada ya moto, au mahali palipoliwa na kuliwa tena, ndipo mnyama anaponenepa. Palahala na korongo, swala wakubwa wa Muhesi na Kizigo, hufuata machipukizi hayo. Kwa hiyo swali la moto uwashwe lini, na wapi, linajibiwa kwa mizani na oveni, kwa mfululizo wa miaka.

Kuna hesabu moja ambayo naamini unaikumbuka. Sensa za taifa zilionyesha tembo wa Tanzania wameshuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014. Ujangili ulikuwa wa kweli na msiba ulikuwa wa kweli. Lakini tazama mfumo wa ikolojia wa Ruaha-Rungwa, ambao Kizigo na Muhesi ni sehemu yake: mwaka 2014 makadirio yalikuwa tembo 8,000 na kidogo, na sensa ya marudio ya mwaka 2015 ikatoa karibu 16,000. Tembo hubeba mimba miezi 22 na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja. Hawawezi kuongezeka mara mbili ndani ya mwaka. Ndege ya sensa hupita kwenye mistari iliyopangwa, huhesabu sehemu ya eneo, kisha hesabu hukuzwa kupata jumla, na tembo hutembea kwa makundi. Makundi machache yakiwa ndani au nje ya mistari siku ile, jumla inayumba sana. Simlaumu aliyerusha ndege. Nasema mtu aliye ardhini, anayejua mwezi ule maji yalibaki wapi na nyasi mbichi zilikuwa wapi, angetusaidia kuzisoma namba zile bila kubishana. Ukizingatia kwamba Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu mwaka 1993, maji peke yake yanatosha kuhamisha tembo wengi.

Mkoa wetu una historia ya kuumizwa na haraka. Mwaka 1947 Waingereza waling'oa vichaka vya Kongwa ili kulima karanga bila kuijua vizuri mvua wala udongo wa pale, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Kondoa tulifanya vizuri zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye milima iliyoliwa na mmomonyoko, na nyasi zikarudi. Natamani leo tungekuwa na viwanja vilivyopimwa bila kukatika tangu mwaka ule. Tungeulizwa inachukua miaka mingapi ukoka kufunika korongo la udongo mwekundu, au swala hurudi lini, tungefungua daftari na kujibu.

Na Watanzania tunaiweza kazi hii. James Kahurananga alipima malisho na wanyama wa tambarare za Simanjiro miaka ya 1970, si mbali na Mkungunero. Watafiti wa baadaye wakaonyesha kwamba nyasi za Simanjiro zina fosforasi ambayo nyumbu na pundamilia wa Tarangire huihitaji wakati wa kunyonyesha, ndiyo maana hutoka hifadhini mvua zikianza. Kanuni za shoroba, yaani mapito ya wanyamapori, za mwaka 2018 zinaipa serikali nguvu ya kulinda njia hizo. Lakini huwezi kuchora ushoroba vizuri kama hujui mnyama anafuata chakula gani mwisho wa safari.

Gharama si kubwa. Nguzo za chuma, waya wa uzio, mizani na fremu ni vitu vya kununua mara moja. Kinachorudi kila mwaka ni mafuta ya gari na posho ya askari. Kwa upande wa malisho, Kongwa tayari kuna kituo cha utafiti wa mifugo chenye wataalamu wa nyasi, na ukizungumza na mwenzako wa Mifugo, wanafunzi wetu wangeweza kukausha sampuli hapo badala ya kuzisafirisha mbali.

Jambo ninalokuombea uamuzi wako mwenyewe ni kibali. Namfahamu mwenzetu ambaye maombi yake yalizunguka ofisini mpaka nyasi alizokusudia kupima zikawa zimekauka na kuungua. Viwanja vikiwa na kibali kimoja cha kudumu, mwanafunzi mpya ataorodheshwa tu chini yake. Kwa malipo ya hilo, kila mmoja alazimike kukabidhi takwimu zake ghafi kabla ya kuhitimu, na kusoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji kilichopakana na kiwanja chake.

Nguzo zikisimikwa kabla ya Desemba, kundi la kwanza litakata nyasi Machi zikiwa zimekomaa, na kurudi Oktoba. Mimi na wenzangu tuko tayari kuja Mtumba na ramani ya maeneo tunayopendekeza, siku yoyote utakayotupangia.

Naomba kuwasilisha.

Mwanafunzi wa uzamivu, Dodoma