Vijana wenye usonji wafundishwe kwenye daladala na sokoni

Mhariri,

Kijana wangu ana miaka 15 na ana usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayofanya mawasiliano na watu yawe magumu kwake. Mwaka huu alifundishwa kusalimia. Mwalimu alimwonyesha picha ya mzee, mwanangu akasema "Shikamoo". Akamwonyesha ya kijana, akasema "Mambo". Hakukosea hata mara moja. Jumamosi tukapanda daladala kutoka Pasua kwenda mjini. Konda akapaza sauti, "Oya dogo, sogea nyuma!" Mwanangu akaganda mlangoni, watu wakimsukuma, akaziba masikio na kulia. Sauti ya konda hakuwahi kufundishwa.

Tangu hapo tunajifunzia humo humo. Nilimwandikia kisa kifupi daftarini, kana kwamba ni yeye anayesema: "Napanda daladala. Konda anapaza sauti kwa sababu kuna kelele. Hajanikasirikia. Naweza kushika bomba na kusubiri." Njia hii ilianzishwa na mwalimu wa Marekani, Carol Gray, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi. Tunakisoma kabla ya kutoka, kisha tunapanda saa nne asubuhi, abiria wakiwa wachache. Wiki ya tatu alitoa nauli mwenyewe. Wiki ya sita alisema "Shusha!" gari zima likasikia. Nilitokwa na machozi.

Jambo moja bado linaniuma. Mwalimu mmoja alimshika kidevu ili amtazame machoni, eti ndiyo adabu. Mimi nililelewa kuinamisha macho ninapowasalimia wakubwa! Mwanangu ameniambia mwenyewe kwamba akitazama macho ya mtu, maneno yanampotea. Akitazama mikono, anasikia yote. Kumlazimisha ni kumtesa, na walimu waache.

Wenzake nao wafundishwe. Pale soko la Mbuyuni kuna mama muuza ndizi ambaye humuuliza swali moja tu, kisha hunyamaza. Zinapita sekunde kumi hivi, halafu jibu linakuja. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kabisa kuelezwa hivyo: mwenzenu akichelewa kujibu hajawadharau, msubirini. Waelezwe shule zinapofunguliwa Januari, tusingoje Aprili 2, Siku ya Usonji Duniani.

Jumamosi hii mwanangu atanunua ndizi kwa mama huyo peke yake. Mimi nitasimama ng'ambo ya barabara.

Mama wa kijana,
Pasua, Moshi