Msilichome Daftari la Mwanetu

Kisauni, Mombasa.

Shoga yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Natumai nyote hapo Malindi mu wazima, na kwamba mama mkwe ameshapata nafuu. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakusalimu sana, na wale wa Kibokoni nao huniuliza habari zako kila tukikutana.

Nimeusoma na kuurudia ujumbe wako wa juzi usiku, nikaona nisikujibu kwa simu, kwa kuwa jambo lenyewe linataka kupangwa. Unasema shemeji ameliona daftari la mwanetu chini ya godoro, limejaa mistari ya kufoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba ameapa kulichoma kabla ya shule kufunguliwa, kwa sababu hip-hop ni muziki wa wahuni na mtoto wa kidato cha tatu hana wakati wa kupoteza. Umeniomba mimi, kwa kuwa ni mwalimu na kwa kuwa ananiheshimu kama mama yake mdogo, nizungumze naye aache. Nimelifikiria sana ombi lako, na naona siwezi kulitimiza jinsi ulivyoliomba. Nitazungumza naye, inshallah, lakini sitamwambia aache. Nivumilie nikueleze sababu, na ukiona inafaa umsomee shemeji barua hii, isipokuwa kile kipande kinachomhusu kaka yangu, ambacho ningependa ubaki nacho mwenyewe.

Ulikuwapo miaka ile kaka alipotekwa na unga wa kulevya, na unajua jinsi nyumba yetu ilivyofunga mdomo. Mgeni akiuliza habari zake, mama alijibu kwamba yuko Lamu kwa shughuli zake, hali ya kuwa alikuwa amelala kwenye baraza la watu, mtaa wa pili tu kutoka kwetu, mikono imevimba. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa amekataza jina lake lisitajwe mezani. Tulidhani tuna njia mbili tu: kumficha au kumkana. Sasa, ule wimbo wa Tupac Shakur, yule mwana hip-hop wa Marekani, kuhusu mama yake, Dear Mama, wa mwaka 1995, mimi na wewe tulikuwa tukiusikia katika matatu tangu tukiwa wasichana, tukaupenda kwa mdundo wake, wala sikuwahi kuyafuata maneno yake moja baada ya jingine hadi usiku mmoja wa miaka ile, nilipokosa usingizi nikauweka masikioni na kuusikiliza kwa utulivu.

Mama yake Tupac, Afeni Shakur, alikuwa mwanachama wa Black Panther, chama kilichopigania haki za Wamarekani weusi, akashtakiwa pamoja na wenzake huko New York, akajitetea mwenyewe mahakamani hali akiwa mja mzito, na akaachiliwa huru mwezi Mei 1971, mwezi mmoja kabla ya kumzaa huyo mwanawe. Mwanamke shujaa kiasi hicho baadaye alinaswa na dawa za kulevya, na mtoto akakua akiyaona hayo. Katika wimbo mwana analitaja jambo hilo waziwazi, mbele ya dunia nzima, na katika pumzi iyo hiyo anamwita mama yake malkia. Hakumficha, na hakumkana. Nilikaa na maneno hayo mpaka alfajiri, shoga yangu, kwa sababu sikuwa nimejua kwamba mtu anaweza kusema ukweli mchungu juu ya ampendaye na bado ukweli huo ukawa ni sehemu ya kumpenda.

Kulipokucha nilimwomba mama tuache habari za Lamu. Ikachukua muda, lakini tuliacha. Nami nikaanza kufuatana na kaka kwenye kliniki ya methadoni, ile dawa wanayopewa walionaswa na unga ili waweze kuuacha, asubuhi kabla ya kwenda shuleni. Hujawahi kupaona mahali pale, kwa hiyo nikuelezee kidogo: kuna dirisha dogo, watu hupanga foleni, kila mmoja hupewa dawa yake katika kikombe cha plastiki na kuinywa palepale mbele ya muuguzi, na akishamaliza huambiwa aseme neno lolote ili ijulikane kwamba kweli amemeza. Kaka alikuwa akisema jina la mama. Niliposikia hivyo mara ya kwanza ilinibidi nitoke nje. Sisemi kwamba wimbo ndio uliomponya, maana aliyemponya ni Mwenyezi Mungu kwa sababu ya dawa, ya wauguzi wale na ya subira ya mama. Nasema kwamba wimbo ndio ulionitoa mimi nyumbani nikasimama naye katika foleni ile mchana kweupe, wanafunzi wangu wakipita na kuniamkia.

Na wewe je? Hili pia ningependa ulikumbuke kabla daftari halijatiwa kiberiti. Ulipokuwa na mimba ya mtoto huyuhuyu, ukiwa mwaka wa mwisho chuoni, na watu wakikwambia kwamba masomo yako ndiyo yamekwisha, kanda gani ilikuwa haitoki kwenye redio ya chumba chetu? Ni Lauryn Hill, na albamu yake ya mwaka 1998, ambayo ilikuwa ya kwanza ya hip-hop kupata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Wimbo uliokuwa ukiurudia ni ule aliomtungia mwanawe Zion, anaposimulia jinsi alivyoshauriwa atangulize kazi yake, naye akachagua kumpokea mtoto kwa furaha. Ulikuwa ukiimba ukiwa umeegemea dirisha, mkono juu ya tumbo, kisha ukirudi mezani kusoma, na mtihani ukaupasi. Sidhani kwamba shemeji anajua habari hii, na nina hakika kijana haijui. Ingekuwa vyema akaijua kutoka kwako.

Najua atakachosema shemeji, kwa maana alishaniambia kwenye harusi ya Makadara: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwake yeye mbacha ni ushairi wetu, na msala ni makelele ya Wamarekani. Naiheshimu hoja yake, kwa sababu anaupenda ushairi kwa dhati, na mtu wa namna hiyo ni wa kusikilizwa. Lakini aangalie vizuri alichonacho kijana chini ya godoro. Muyaka bin Haji, huyu mshairi wetu wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akisimama na Wamazrui, waliokuwa wakiitawala Mombasa, dhidi ya Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, na silaha yake ilikuwa mashairi ya kujigamba, ya kuwakejeli maadui na ya kuwataka wajibu ikiwa wana la kujibu. Vijana wanaotupiana mistari leo, huyu akimaliza yule akiingia, huku waliowazunguka wakiamua nani amemshinda mwenzake, wanafanya jambo ambalo Muyaka angelitambua mara moja.

Tena kuna jambo ambalo huwa nawaambia wanafunzi wangu nikiona wamechoka. Hip-hop huhesabiwa kuanzia sherehe moja ya tarehe 11 Agosti 1973, katika jengo la makazi mtaa wa Bronx, New York. Msichana mmoja, Cindy Campbell, alitaka pesa za nguo za kuanzia shule, akamwomba kaka yake apige muziki. Kaka huyo, anayejulikana kwa jina la Kool Herc, alikuwa amehamia huko kutoka Jamaika akiwa mtoto. Alikuwa amegundua kwamba wachezaji hungojea kile kipande kifupi cha santuri ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma hubaki peke yake, basi akachukua santuri mbili zilizo sawa, akawa anahama kutoka moja hadi nyingine ili kipande kile kisiishe. Mwaka uohuo wa 1973 ndipo yalipochapishwa mashairi ya Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni, katika kifungo chake cha miaka mitatu kwa sababu ya kuihoji serikali. Watu wa Bronx hawakuwa na habari ya Abdilatif, wala yeye hakuwa na habari yao. Mimi hunitia moyo sana kuwaweka pamoja: mmoja hana ala, mwingine hana karatasi, na wote wawili wakafanya kazi kwa kile kilichokuwapo mkononi.

Wala muziki huu haukubaki kwa wenyewe. Kundi la Kalamashaka wa Dandora, Nairobi, walitoa Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya tisini, tukasikia shida za mtaa zikielezwa kwa Kiswahili bila kupakwa rangi. Ukoo Flani walianzia hapahapa Mombasa kabla ya kuungana na wenzao wa Nairobi. Nikifundisha tashtiti, yaani kukosoa kwa dhihaka, huwapigia wanafunzi Ndio Mzee ya Professor Jay, ya mwaka 2001, ambamo mgombea anaahidi makubwa na umati unaitikia tu, na darasa zima huielewa tashtiti siku hiyohiyo. Ikiwa shemeji anahitaji ushahidi wa wakubwa, basi Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza ule wimbo wa Tupac katika rekodi zinazohifadhiwa kwa ajili ya taifa mwaka 2010, na Kendrick Lamar alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki mwaka 2018. Lakini ushahidi ninaouamini zaidi ni wa darasani kwangu. Nilikuwa na mvulana aliyekaa nyuma, asiyeweza kabisa kuhesabu mizani. Nikimwambia mshororo una mizani kumi na sita, nane upande huu na nane upande huu, ananitazama kama aliyepotea njia. Siku moja nilimwona akigonga dawati kwa kidole wakati mwenzake akisoma shairi, na kidole kikatulia palepale kwenye kina cha kati. Alikuwa akiihesabu mizani kwa mdundo. Tangu hapo darasa langu husoma tarbia kwa makofi, na mwalimu mkuu ameshazoea.

Yapo mabaya katika nyimbo hizo, nami siyatetei hata kidogo. Yapo matusi juu ya wanawake, zipo bunduki na majigambo ya pesa, na huyohuyo Tupac aliyemwimbia mama yake kwa heshima alipigwa risasi Las Vegas akafa mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 25. Nadhani hapa ndipo mtoto anapotuhitaji sisi wakubwa. Akisikiliza peke yake, amejificha, nani atamuuliza kama jambo aliloimba yule mtu ni la kuiga au ni la kuogopa? Mimi nikisikiliza na wanafunzi huwauliza swali moja tu: huyu anasimulia yaliyompata, au anajisifu kwa yasiyokuwapo? Watoto hujua tofauti upesi sana kuliko tunavyodhani. Nimeona pia kwamba nyimbo zilizonifaa maishani hazikuwa zile zinazotoa nasaha, maana nasaha tunazo za kutosha. Zilizonifaa ni zile ambazo mtu ameeleza hali yake kama ilivyo, hata pale inapomwaibisha. Yaani, mwanetu akiandika hivyo, akiandika kuhusu nyumba yenu na masomo yake na hofu zake, atakuwa ameshajifunza jambo ambalo mimi nililipata nikiwa mtu mzima.

Kwa hiyo nina ombi langu badala ya lako. Msilichome daftari. Likimkera shemeji kuliona, lifungeni vizuri mnipelekee kwa gari la Malindi, nitalipokea mwenyewe stesheni na kulihifadhi kama amana. Na likizo ya Agosti mnikopeshe kijana kwa juma moja. Kaka amesema atamchukua mchana gereji, akamwone jinsi anavyotengeneza tuktuk, na jioni nitakaa naye tuipitie mistari yake, hisabati zake pia nitazitazama.

Sasa nijibu haya. Daftari liko wapi hivi sasa, kwako au kwa shemeji? Je, kuna yeyote kati yenu aliyelisoma, au limehukumiwa kwa jalada lake? Ameandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na anaandika kuhusu nini? Alama zake za muhula uliopita zilishuka kweli, au ni hofu tu? Shemeji anaweza kukubali kumsikiliza akisoma ubeti mmoja, mmoja tu, baada ya chakula cha usiku? Na ile kanda ya Lauryn Hill, shoga yangu, bado unayo, au ilibaki chuoni?

Nangoja jibu kabla ya Ijumaa. Wasalimie wote, na mbusu kijana kwa niaba yangu hata kama atakimbia.

Wako akupendaye daima,
Mama mdogo wa Kisauni